Mama Mkwe wa Mchezo, Kijakazi wa Kila Siku

Dada zetu wa visiwani na wa bara, na bi harusi mlio njiani.

Huku kwetu Nzega harusi hufuata mavuno. Mpunga ukishauzwa na pamba ikishapimwa, kuanzia mwezi wa sita hivi mpaka wa nane, ni shida kupata Jumamosi isiyo na shughuli. Ninyi mnahesabu kwa mfungo mosi na mfungo pili, sisi tunahesabu kwa magunia. Mafundi cherehani ndio wa kwanza kujua nani anaolewa, maana sare huja kabla ya kadi. Na tukishashona sare za ukumbi mzima hatuachwi nyumbani, tunaalikwa. Kwa hiyo tumekaa kwenye kicheni pati nyingi, na kuna jambo tunataka kulisema kabla msimu haujakolea.

Ni ule mchezo wa kuigiza.

Mnaujua. Zawadi hazijaanza kutolewa, pilau bado liko jikoni, emsii anachukua kipaza sauti na kuita wanawake sita saba mbele. Anagawa nafasi. Wewe mama mkwe. Wewe wifi. Wewe bwana harusi, mvisheni kanzu na kofia. Wewe mke mwenza. Wewe dada wa kazi. Bi harusi anabaki kuwa bi harusi. Kisha nyumba inaanza: mama mkwe ameingia mchana bila taarifa, mboga ni kidogo, wifi anafunua masufuria, mume amerudi amenuna kwa mambo ya kazini. Bi harusi ajibu nini? Amkaribishe mkwe kwanza au amwandalie mume kwanza? Somo wake yuko pembeni anamnong'oneza. Wanawake wanacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko mwari anajifunza jambo ambalo mawaidha ya saa nzima yasingemwingia.

Tunaupenda mchezo huu. Tumewahi kuona bi harusi mwoga, asiyeweza hata kumtazama mtu usoni, akimjibu mama mkwe wa mchezo kwa adabu na akili mpaka ukumbi ukampigia vigelegele. Tunachokipinga ni namna nafasi zinavyogawiwa.

Angalieni kwa makini shughuli ijayo. Anayepewa umama mkwe ni mwenye gari au mwenye duka kubwa. Wifi ni rafiki wa emsii. Bwana harusi ni yule shoga mcheshi anayejulikana mji mzima. Na dada wa kazi? Anaitwa binti aliyekuja kuosha vyombo, au yule mweusi kuliko wenzake, au ndugu wa mbali aliyelelewa kwenye nyumba hiyo bila baba. Hakuna anayetaja sababu, na kila mtu anaielewa. Tumesema ni mchezo, lakini kila mmoja tumemwacha palepale alipo siku zote, isipokuwa leo anachekwa kwa kipaza sauti.

Kuna shughuli moja hapa mjini ambayo mpaka leo inasemwa chini chini. Emsii alimwita dada mmoja awe mke mkubwa kwenye mchezo. Nusu ya ukumbi ilijua kwamba mumewe alikuwa ameoa mke wa pili mwezi huohuo. Alisimama, maana kukataa mbele ya wanawake zaidi ya mia ni kutangaza kwamba unaumia. Aliyepewa kuwa wifi alikuwa wifi yake kweli. Maneno aliyoyasema wifi yule hayakuwa ya mchezo hata kidogo, yalikuwa ya nyumbani kwao, yamengojea kipaza sauti tu. Watu walicheka. Dada yule alimaliza nafasi yake, akarudi kwenye kiti, akanywa soda yake taratibu, akaondoka kabla ya chakula. Mama mmoja wa meza ya mbele akasema, "Mbona amenuna, si mchezo tu?"

Hilo "si mchezo tu" ndilo linalotuudhi. Mwenye kulisema huwa ni yule ambaye mchezo haukumgusa.

Na kuna neno kijakazi. Kwenye baadhi ya shughuli dada wa kazi wa mchezo huitwa hivyo, ati linachekesha, lina ladha ya hadithi za kale. Sisi tunaoishi kando ya njia ya misafara hatulisikii hivyo. Njia ile ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu. Wengine walioletwa kutoka Manyema na nchi za ng'ambo ya ziwa walibaki Tabora, wakazaa, na wajukuu wao ni majirani zetu na wateja wetu, na wengine ni sisi wenyewe. Utumwa uliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na huku Tanganyika mwaka 1922. Tangu 1922 hapajapita vizazi vingi. Kwenye ukumbi uliojaa wamo ambao nyanya wa nyanya yao aliitwa neno hilo na halikuwa la kuigiza. Ninyi wa visiwani hamhitaji kuelezwa na sisi neno hilo lina uzito gani likitupwa katikati ya watu.

Sasa wapo dada zetu wa dini wanaosema dawa ni moja, kuufuta mchezo wote, kwa kuwa ni upuuzi na kuigiza ni uongo. Tunawaheshimu, lakini hapo hatuendi nao. Bi Aisha (r.a.) alicheza na wanasesere wake akiwa na wenzake nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na wenzake walipojificha kwa haya, Mtume aliwarudisha waendelee kucheza naye. Imo katika Bukhari. Katika mapokezi ya Abu Daud kuna hata farasi wake wa kuchezea aliyekuwa na mabawa, na Mtume alipouliza habari za mabawa hayo na kujibiwa, alicheka. Najua, najua, wapo watakaosema huyo alikuwa mdogo, na wanazuoni wana maneno yao hapo. Tunachochukua sisi ni kwamba nyumba ile tukufu haikuukunjia uso mchezo wa kuwaza kitu kisichokuwepo.

Lakini tusikimbilie hapo tukaacha Sura ya Al-Hujurat. Aya ya 11 inakataza watu kuwadharau watu wengine, kisha, baada ya kusema hivyo kwa jumla, inarudi na kuwataja wanawake peke yao, kwamba nao wasiwadharau wanawake wenzao, huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Halafu inakataza kupachikana majina mabaya. Tumekuwa tukijiuliza kwa nini wanawake tumetajwa mara ya pili wakati tulishaingia katika jumla. Kila mwenye tafsiri atatoa sababu yake. Sisi tuliokaa kumbini tuna yetu. Na katika Abu Daud kuna kisa kingine: masahaba walimfanyia mwenzao mzaha alipokuwa amelala, mmoja akaenda kuchukua kamba yake, akaamka ameshtuka. Mtume aliwaambia kwamba si halali Muislamu kumtisha Muislamu. Wao walikuwa wanacheka, yeye alitazama yule aliyeshtuka.

Basi dini haikutuzuia kucheza. Imetuambia tumwangalie nani.

Wazee wetu walilijua hilo bila kitabu cha kanuni. Chukua utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani huo umekua njiani, enzi wapagazi wa kwetu wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Mtani anaweza kukuita jina lolote na hukasiriki. Anaingia msibani anafanya vituko wakati wewe unalia, na unamlipa. Mtu wa nje akiona anadhani ni utovu wa adabu. Lakini utani una mambo mawili ambayo emsii wetu ameyasahau. La kwanza, unakwenda na kurudi. Ukinitania leo, kesho ni zamu yangu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Hakuna mtani wa kutaniwa tu. La pili, mtani ana kazi. Siku ya msiba yeye ndiye anayeshika jembe, anayesaidia mazishi, anayewachekesha wafiwa ili wale. Haki yake ya kukudhihaki ameilipia kwa mgongo wake. Yule wifi wa mchezo alilipia nini?

Na ninyi wa Unguja mna Mwaka Kogwa, kule Makunduchi. Pande mbili zinapigana kwa migomba, watu wanatoleana maneno, kibanda kinachomwa moto, na yakiisha yameisha, hakuna anayekwenda na kinyongo nyumbani. Lakini kila anayeingia uwanjani ameingia kwa miguu yake, akiwa na mgomba mkononi. Hakuna anayevutwa kutoka kwenye kiti chake akapigwe mikono mitupu huku wengine wakimwambia asinune.

Kuna historia nyingine inatuhusu zaidi, nayo ni ya vyama vya ngoma. Beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikafika na Tabora. Marini na Arinoti, mabibi zetu waliyajua majina hayo. Watu walivaa sare za kijeshi, wakapiga gwaride, wakajipa vyeo: Kingi, Gavana, Jenerali, Daktari. Mchana mtu alikuwa boi wa Mzungu au kibarua wa reli, jioni alikuwa Gavana na watu walimpigia saluti. Mombasa wanawake wakawa na lelemama, nao wakiwa na vyeo vyao, na cheo kilipatikana kwa kulisha watu karamu. Waliotoka katika ukoo wa watumwa na waliotoka katika ukoo wa kiungwana walicheza lelemama, na aliyeweza kugharimia alipanda.

Hatusemi ilikuwa pepo. Vyama hivyo vilishindana mpaka watu wakafilisika kwa karamu, na nyimbo zao za mafumbo zilivunjiana heshima vibaya sana. Lakini tazameni jambo moja. Mchezo wao ulimwinua mtu. Aliyedharauliwa mchana alipata mahali pa kuwa mkubwa japo kwa usiku mmoja. Wetu unamchukua aliye chini, unamwambia, njoo mbele ya watu tukuoneshe ulipo. Wao walikuwa hawana shule, sisi tuna ukumbi wenye kiyoyozi, na kwa hili wametushinda.

Mtoto wa dada yetu, anayesoma Dar es Salaam, alitueleza mchezo mmoja wa Wamarekani tukabaki tunashangaa. Unaitwa Dungeons & Dragons, umeanza kuuzwa mwaka 1974. Watu watano sita wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, huyu shujaa, huyu mganga, huyu mwizi, na mmoja ndiye mwenye kuongoza kisa. Wanaigiza kwa maneno, wanarusha dadu kujua kama jambo limefaulu. (Dadu ina maneno yake kwa wanazuoni, hatuingii huko.) Kilichotuvutia ni taratibu ambazo wachezaji wake wengi wamejiwekea siku hizi. Kabla ya kuanza kisa hukutana mara moja bila kucheza, wakakubaliana mambo gani hayataingia mezani kabisa. Kila mtu anachagua mhusika wake mwenyewe. Na baadhi yao huweka katikati ya meza kadi yenye alama ya X. Mchezo ukifika mahali panapokuumiza unaigusa tu ile kadi, jambo lile linaachwa, wanaendelea na jingine. Huulizwi kwa nini. Hutakiwi kujieleza.

Tulipenda hapo pa kutokuulizwa. Dada yetu wa mke mkubwa angekuwa na kadi ile asingelazimika kuchagua kati ya kuumia na kujitangaza.

Hata hao wana malalamiko yao, alisema kijana wetu. Kuna kiongozi anayempendelea rafiki yake, zamu zote kwake, wengine wamekaa kama mapambo. Kuna mchezaji anayemwonea mwenzake kisha anasema si mimi, ni mhusika wangu ndivyo alivyo. Tukacheka, maana hilo tunalijua kwa Kiswahili. Mwenye kumtukana mwenzake akiwa amevaa kanzu ya bwana harusi wa mchezo, ulimi ni wake, haukukodishwa pamoja na kanzu.

Tufanyeje sasa? Haya tunayosema tumeyaona yakifanyika, si ya kinadharia.

Nafasi zipigiwe kura. Andikeni kwenye vikaratasi, mama mkwe, wifi, bwana harusi, dada wa kazi, vikunjwe, viwekwe kwenye ungo, kila atakayependa kucheza aje achukue. Kura si jambo la kihuni. Mtume (s.a.w.) alipokuwa anasafiri alipiga kura baina ya wake zake, ambaye jina lake limetoka ndiye anakwenda naye. Yeye aliyekuwa mwadilifu kuliko watu wote aliona hapo kura itaondoa manung'uniko, sembuse emsii wetu. Na raha yake haielezeki: mwaka huu, upande wa Ipuli huko Tabora mjini, mwenye duka la jumla alitokewa na karatasi ya dada wa kazi, na binti wa kuosha vyombo akawa mama mkwe. Binti yule alikaa kwenye kiti, akakunja nne, akasema chai haina sukari. Ukumbi ulikufa kwa kicheko, na mwenye duka alicheka kuliko wote. Alileta sukari mbio.

Angalieni kwamba tumesema atakayependa kucheza. Emsii asimwite mtu kwa jina. Ukumbi wa wanawake mia mbili hauwezi kukosa sita wenye hamu ya kuonekana, tunawajua, wengine ndio waliotusumbua tubane dera mpaka wanashindwa kukaa.

Bi harusi na somo wake waketi na emsii siku mbili kabla. Hapa ndipo penye kazi hasa. Bi harusi ndiye pekee asiyeweza kuondoka ukumbini, kwa hiyo yeye ndiye wa kuulizwa kwanza. Aseme nini hakitaguswa. Labda mama yake aliachwa. Labda huyu anayeolewa anaolewa mara ya pili na ana mtoto, na watu wanatafuta pa kulisemea hilo. Labda ukweni kwao kuna ugonjwa. Emsii akishaambiwa hana kisingizio. Na wewe bi harusi usione haya kuusema ukweli wako kwa somo wako, ndiyo kazi aliyopewa. Somo anayejibu "hayo ni mambo madogo" huyo mbadilishe, muda bado upo.

Mke mwenza kama nafasi ya mchezo, sisi tungeitoa kabisa. Hatusemi ndoa ya wake wawili ni aibu, Mwenyezi Mungu ameihalalisha na masharti yake. Tunasema tu kwamba kwenye ukumbi wowote wa Nzega, na tunadhani hata wa Unguja, wamo wake wenza waliokaa meza mbili tofauti wakijitahidi kupita siku ile salama. Mwari afundishwe hayo faragha na makungwi wake.

Kijakazi, hapana. Hilo halina mjadala.

Kwa ile kadi ya X, tulijaribu kwa namna yetu. Kwenye shughuli moja tulimpa kila mchezaji kitambaa cheupe, masalio ya lesi tu ya dukani kwetu, ashike mkononi. Akikiweka begani, maana yake hapo pageuzwe, somo anaingia kama jirani aliyekuja kuomba chumvi na kisa kinabadilika. Wachezaji sita, kilitumika mara moja. Mpaka leo hatujui aliyekitumia aliguswa na nini, wala hatukumuuliza.

Halafu simu. Mchezo uliochezwa kwa heshima zote, na wanawake wamevua mitandio yao kwa kuwa wako peke yao, unafika kwenye WhatsApp za wanaume kabla bi harusi hajafika kwake. Mwekeni mtu mzima mlangoni mwenye kikapu na vibandiko vya majina, simu ziingie humo wakati wa mchezo, zitoke wakati wa zawadi. Watanung'unika. Wataje watu wa dharura zao, mwenye mgonjwa akae karibu na mlango.

Emsii akikwambia huo si utaratibu wake, mshukuru kwa muda wake na umdai kianzio chako. Mji huu una maemsii wengi kuliko kumbi.